Uhuru wa Mjane: Hadithi ya Mwaka 1894 na Vikao Vyetu vya Kuanua Tanga

 



Tulipoalikwa kuzungumza juu ya haki za wajane, tulisita kidogo. Jambo lenyewe limezoeleka mno masikioni. Semina za haki za wajane zimefanyika nyingi. Watu wamekuja, wamekula chakula cha mchana, wamepewa karatasi, wamerudi makwao, na mwezi uliofuata mjane wa jirani yao amefukuzwa nyumbani. Basi safari hii tumeona tuanzie mbali, katika hadithi fupi ambayo mtu huweza kuisoma kwa muda usiozidi ule wa kusali Rozari moja.

Hadithi hiyo iliandikwa mwaka 1894 na mwanamke Mmarekani aitwaye Kate Chopin, ikachapishwa mwezi Desemba wa mwaka huo katika jarida la Vogue. Hapo kwanza iliitwa Ndoto ya Saa Moja; baadaye ikajulikana kuwa Hadithi ya Saa Moja. Mambo yote yanayosimuliwa humo hutokea ndani ya nyumba moja na katika muda wa saa moja tu.

Bibi Mallard ana maradhi ya moyo. Habari imefika kwa simu ya maandishi katika ofisi ya gazeti kwamba treni imepata ajali, na katika orodha ya waliokufa jina la mumewe ndilo la kwanza. Rafiki wa mume anakuja mbio, na dada wa mke anampa habari ile kwa maneno ya kuzungukazunguka, asije akaanguka. Mama yule analia papo hapo mikononi mwa dada yake, kilio cha kweli. Kikiisha kumpata anapanda chumbani peke yake, anafunga mlango, anaketi kitini mbele ya dirisha lililo wazi. Nje ni majira ya kuchipua. Mvua imenyesha, ndege wanalia, mchuuzi anatangaza bidhaa zake barabarani. Na hapo, polepole, jambo asilolitazamia linamjia. Anajaribu kulikataa, lakini linamshinda. Anajisikia yu huru.

Mwandishi anajihadhari hapa, nasi hatuna budi kujihadhari pamoja naye. Marehemu hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe, wala hakumtazama ila kwa upendo, na mke anajua kwamba atalia tena atakapoiona mikono yake imekunjwa kifuani. Lakini anaona mbele yake miaka ambayo itakuwa yake mwenyewe, ambamo hakuna nia ya mtu mwingine itakayoikunja nia yake, hata kama kukunja huko kungefanywa kwa wema. Dada yake anagonga mlango akidhani anajidhuru kwa huzuni. Anatoka, wanashuka ngazi pamoja. Mlango wa mbele unafunguliwa kwa ufunguo, na anaingia mume, na mkoba wake na mwavuli wake, mzima kabisa. Alikuwa mbali na ajali, wala hakujua kwamba imetokea. Mke anaanguka na kufa. Madaktari wanasema moyo wake haukuweza kuistahimili furaha.

Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa habari ya treni na orodha ya majina ni kitu gani. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni karibu na Igandu, ikaenda kwa kasi bila kuzuilika hata ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wakati ule tulikuwa bado vijana wa seminari. Tunakumbuka jinsi watu walivyosimama jua kali wakisikiliza majina, na jinsi kila jina lilivyotoa sauti mahali fulani katika umati. Tulisali, tukabeba maji, tukawashika mikono waliokuwa wakianguka. Hata hivyo hatukumbuki kwamba yeyote kati yetu aliuliza, miezi mitatu baadaye, wale wanawake waliopoteza waume pale Igandu walipelekwa wapi, na ni nani aliyewapeleka.

Turudi kwa mwandishi kidogo. Kate Chopin alizaliwa mjini St. Louis mwaka 1850, mtoto wa nyumba ya Kikatoliki, akasomeshwa na masista wa Moyo Mtakatifu. Baba yake alikufa mwaka 1855 wakati daraja la reli lilipovunjika juu ya mto Gasconade. Mama yake alikuwa bado kijana, naye hakuolewa tena. Mtoto Kate alilelewa katika nyumba ya wajane: mama, nyanya, na mama wa nyanya. Naye alipoolewa akazaa watoto sita, mumewe Oscar alikufa kwa homa mwaka 1882, akaachwa mjane kabla ya kutimiza miaka 33. Kwa muda zaidi ya mwaka mmoja aliendesha mwenyewe duka na mashamba aliyoyaacha marehemu katika kijiji cha Cloutierville, Louisiana, kabla ya kurudi kwa mama yake. Hatumleti kwenu kama mwalimu wa imani, maana katika utu uzima alilegea katika kushika dini. Tunamleta kama shahidi. Habari za ujane hakuzipata vitabuni. Alizikuta nyumbani, kisha zikamfika mwenyewe.

Tulipoisimulia hadithi hii mara ya kwanza kwa akina mama wa kigango kimoja, tulitegemea washtuke. Walioshtuka ni makatekista wawili wanaume waliokuwa mlangoni. Akina mama walinyamaza. Kisha bibi mmoja mzee, ambaye kwa kawaida huja kwenye mikutano kusinzia, akauliza: “Baba, nyumba ile ilikuwa ya nani?”

Tuliliona kuwa swali la pembeni. Tulikuwa tumejiandaa kueleza saikolojia ya huzuni, kama tulivyofundishwa. Lakini bibi aliendelea: “Maana huyo mwanamke alipanda chumbani akafunga mlango. Mimi alipokufa mume wangu nililazwa kwenye mkeka katikati ya mawifi siku saba. Sikuwa na mlango wa kufunga. Na kabla machozi hayajakauka nilisikia nje wanahesabu ng'ombe.”

Wapendwa, tangu siku ile tumeisoma hadithi ya Chopin kwa namna nyingine. Wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani hubishana kama mama yule alikuwa na haki ya kufurahi. Kwa bibi yetu wa kigangoni hilo ni la baadaye. Yeye aliona kwanza kitu ambacho sisi hatukukiona: kwamba mwanamke yule alipata saa moja ya kukaa peke yake, na hakuna aliyekuja kumwuliza atachukuliwa na nani. Mjane wetu hana hata saa hiyo moja. Mauti yamemwondoa mume, lakini mahari bado ipo, ukoo upo, na kikao cha kuanua tanga kimekwisha kupangwa.

Hata hivyo swali la wasomaji wale haliepukiki, nasi tulio mapadre twakutana nalo kitubioni. Je, ni dhambi mjane kujisikia amepumua? Wapo wanaokuja wakijishitaki kwa jambo hilo kama vile wameua. Huwa tunawauliza alikuwa akiwazuia nini marehemu. Mmoja anasema alikatazwa kumtembelea mama yake. Mwingine aliuza karanga miaka yote na hajapata kushika fedha zake mwenyewe mpaka jioni ile. Watu hawa walimpenda mume, na kilio chao hakikuwa cha uongo. Tunadhani wanaopaswa kujichunguza hapo ni sisi tuliowafungisha ndoa. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Mulieris Dignitatem wa mwaka 1988, alifundisha kwamba kutii anakokutaja Mtume Paulo katika barua kwa Waefeso ni kwa pande zote mbili, mume kwa mke na mke kwa mume, kwa kumcha Kristo. Ni mara ngapi tumelisema hilo kwenye mahubiri ya harusi? Mara nyingi tunasoma aya inayomhusu mke, tunapigiwa vigelegele, tunaendelea.

Na tusiwaone Wazungu wa wakati ule kuwa walikuwa mbele yetu. Huko Uingereza hadi ilipopita sheria ya mwaka 1882, mali ya mwanamke, akiisha kuolewa, kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa mumewe. Kifo cha mume ndicho kilichomfanya mwanamke aweze kutia sahihi hati kwa jina lake. Ndiyo maana hadithi kama ile ya Chopin iliwezekana kuandikwa, na ndiyo maana iliwaudhi watu.

Sasa tuseme juu ya mila zetu, na tuseme kwa haki. Wapo wanaharakati wanaozungumza juu ya kurithi wajane kana kwamba wazee wetu walikaa chini ya mbuyu wakabuni ukatili. Haikuwa hivyo. Katika miaka ile ile ya Chopin, nchi hii ilikuwa imepitiwa na misafara ya pembe na watumwa. Hapa Ugogo watemi walitoza hongo, na maji ya visima yalikuwa na bei. Mwanamke asiye na mtu wa kumtetea aliweza kukamatwa, kuwekwa rehani au kuuzwa. Tunalo simulizi la mwanamke aitwaye Narwimba, wa kusini-magharibi mwa nchi yetu, lililoandikwa na mmisionari wa Kimoraviani, Elise Kootz-Kretschmer. Mumewe alipokufa, Narwimba mwenyewe alimwendea mrithi wa marehemu akaomba achukuliwe, ili apate kulindwa yeye na watoto wake. Kwa mwanamke wa wakati ule, kurithiwa kulikuwa ukuta wa boma. Na kwa Wagogo, watu wa mifugo na wa mtama na uwele, ambao njaa imewatembelea mara nyingi kuliko wageni wengine wote, mjane mwenye watoto wadogo bila ng'ombe wa kukamua alikuwa karibu na kaburi. Ukoo ulisema: hatutamwacha. Lilikuwa neno jema.

Lakini tazameni nani aliyeomba. Narwimba aliomba mwenyewe. Siku hizi mjane haombi, anaelezwa. Na wale wanaomweleza hawamwahidi ulinzi wowote. Shemeji anayemrithi ana mke wake na watoto wake saba, na shamba la marehemu analitaka kwa ajili yao. Katika miaka ya themanini na tisini tuliwazika watu wengi kwa ugonjwa wa UKIMWI, na tunajua ni nyumba ngapi zilizofungwa moja baada ya nyingine kwa sababu mjane alipelekwa kwa ndugu wa marehemu bila mtu kuthubutu kuuliza marehemu alikufa kwa nini. Ukuta wa boma uligeuka ukawa mtego, nasi tuliendelea kuuita mila.

Wako Wakristo wanaotuletea Biblia. Wanasema kurithi mjane kumo katika Torati. Ni kweli, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25. Lakini isomeni mpaka mwisho. Sheria ile yahusu ndugu aliyekufa bila kuacha mwana, na mzigo wake unamwangukia mwanamume. Akikataa, mwanamke anapewa haki ya kwenda langoni kwa wazee, kumshitaki, kumvua kiatu na kumtemea mate usoni. Ni kikao gani cha ukoo, kutoka Kongwa mpaka Manyoni, kinachompa mjane ruhusa ya kumvua mtu kiatu? Tumechukua mzigo uliokuwa wa mwanamume tukamtwisha mwanamke, kisha tukaubandika jina la Musa.

Kuna mjane mwingine katika Maandiko ambaye hatumsomi vya kutosha, naye ni Yudithi. Watu wanamkumbuka kwa upanga na kichwa cha Holoferne. Sisi tungependa mwangalie sura ya nane, kabla vita havijafika kwake. Mumewe Manase alikufa wakati wa mavuno ya shayiri. Alikuwa shambani akiwasimamia waliofunga miganda, jua likampiga kichwani. Hali hiyo haihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kuvuna mtama hapa mwezi wa sita. Manase alimwachia mkewe dhahabu na fedha, watumishi, mifugo na mashamba, na Maandiko yanasema alibaki akiyatunza. Wanaume wengi walitaka kumwoa, naye hakukubali mmoja wao. Alipokaribia kufa, aligawa mali yake kwa jamaa wa mumewe na kwa jamaa zake mwenyewe. Aliigawa yeye. Jamaa wa Manase walisubiri mpaka mkono wake mwenyewe uwape.

Tena Mtakatifu Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba, aya ya 39, anasema waziwazi kwamba mke amefungwa maadamu mumewe yu hai. Mume akifa, yu huru kuolewa na mtu amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinajenga juu ya msingi huo. Kanuni ya 1057 inafundisha kwamba ndoa hufanywa na hiari ya wanaooana, wala hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kuweka hiari nyingine mahali pake. Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa itokayo nje si ndoa. Na Kanuni ya 219 yawapa waamini wote haki ya kutoshurutishwa katika kuchagua hali ya maisha. Hivyo basi, shemeji anapoletwa kwetu pamoja na mjane wa nduguye, wote wawili wakiwa wamevaa vizuri, na wazee nyuma yao, kazi yetu ya kwanza ni kuzungumza na mama huyo peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Kama akina Chopin walikuwa na chumba cha juu, basi ofisi ya parokia na iwe chumba cha juu cha mjane wetu.

Serikali nayo haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba, mila yoyote isemavyo kinyume, mwanamke aliyefiwa na mumewe yu huru kuishi apendapo, na yu huru kubaki bila kuolewa au kuolewa na mwanamume amchaguaye mwenyewe. Waliofunga ndoa ya Kiislamu wamewekewa tu kwamba eda iishe kwanza. Kifungu hicho kina zaidi ya miaka hamsini. Tuliwauliza wazee thelathini katika semina moja ni nani aliyewahi kukisikia. Aliinua mkono mmoja, naye alikuwa karani mstaafu wa mahakama.

Ugumu uko kwenye mali. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotangazwa kwa wilaya nyingi za jamii zinazofuata ukoo wa baba, liliweka kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Sentensi hiyo ya mwisho ina utamu wa methali, na imewalaza nje wanawake wengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, ilibatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, aliamua kwamba Bibi Holaria Pastory, Mhaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliweza kuliuza kama mwanamume angeweza, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi. Lakini wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani waliofukuzwa na wakwe, walipokwenda kupinga sheria ile ya mila yenyewe, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kuwa ni ya kibaguzi, ikakataa kuiondoa. Rufani yao ilitupwa mwaka 2010 kwa sababu ya kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaitaka serikali iwafidie na kurekebisha sheria hiyo. Walizunguka dunia nzima wakitafuta kile ambacho Manase alimwachia Yudithi bila kikao.

Tunasema haya yote, na mtu anaweza kudhani kwamba tumesimama upande ulio sawa tangu mwanzo. Hapana. Yatupasa tuwaeleze jambo moja.

Miaka michache baada ya kupewa upadre tulikuwa katika parokia moja ya vijijini, ambako watu wanalima zabibu. Mama mmoja wa huko alikuwa na mumewe wakilima ekari moja. Mnajua mizabibu ilivyo: unaipanda, unaichimbia, unaipogoa, unangoja, na ikikubali unavuna mara mbili kwa mwaka. Mume alisafiri sana kutafuta vibarua. Mizabibu ile iliota mikononi mwa mke. Mume akafa. Tulimzika sisi. Wiki tatu baadaye mama yule alikuja ofisini jioni, akasimama mlangoni, hakutaka kuketi.

Alisema: “Baba, Jumamosi wanaanua tanga. Nimesikia wameshaandika muhtasari. Naomba uje ukae tu. Usiseme neno. Wakikuona umekaa, watasubiri nijibu.”

Ombi lake lilikuwa hilo tu. Hakuomba wakili wala fedha. Aliomba mtu wa kukaa, ili kati ya swali na jibu upatikane muda wa yeye kuvuta pumzi. Tukamwambia tutajitahidi. Jumamosi ile tulikuwa na mkutano mjini. Tunakumbuka vizuri ulihusu nini, maana karatasi zake tunazo mpaka leo: ulihusu utume wa walei.

Kikao kilikaa. Muhtasari ulikuwa umeandikwa kabla, kama alivyosema. Ulimtaja mdogo wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na kwa kuwa mahakama huutegemea muhtasari wa ukoo, na hakukuwa na pingamizi, akathibitishwa. Jina la mjane halikuwamo, isipokuwa mahali palipoandikwa kwamba amekubali kutunzwa na shemeji yake. Hakuwa amekubali. Waliulizana wao kwa wao, mzee mmoja akajibu kwa niaba yake. Mwezi mmoja baadaye aliondoka usiku na watoto wawili, akaacha mizabibu ikiwa na matunda mabichi.

Tulikutana naye tena baada ya miaka minne, akiuza uji karibu na stendi. Alitusalimu vizuri, akatupa kikombe, akakataa fedha yetu. Tulianza kuomba radhi, akatukatiza. Alisema hana kinyongo, na kwamba siku hizi analala usingizi. Kisha akauliza kama tumepita kule karibuni, na kama ile mizabibu ya mstari wa juu, iliyokuwa na ugonjwa wa majani, imepona. Hatukujua la kumjibu. Tulikwenda kuiangalia wiki iliyofuata. Ilikuwa imeng'olewa.

Tangu hapo tumefanya mambo machache, na tunayaeleza ili nanyi mseme yanafaa au hayafai. Katika parokia tuliyopo, mtu akifariki, jumuiya yake humwona mjane ndani ya wiki ya kwanza, na akina mama wawili hukaa naye mpaka wakwe wamezoea kuwaona. Anasaidiwa kupata cheti cha kifo mapema na kukihifadhi mwenyewe, maana mara nyingi cheti hicho hupotelea mfukoni mwa mtu mwingine. Anaelezwa kwamba yeye pia aweza kuomba usimamizi wa mirathi, na kwamba aweza kuweka pingamizi mahakamani. Wazee wa ukoo hawafurahi. Mmoja alitushitaki kwa Askofu kwamba tunavunja familia. Lakini wengine, na ni haki tulitaje hili, wametushukuru. Mzee mmoja alituambia kwamba hakupenda kamwe kumrithi mke wa kaka yake, ila hakujua namna ya kukataa bila kuonekana amemtupa. Kumbe hata kwake hakukuwa na mlango.

Wanandoa wapya nao tumeanza kuwasimulia hadithi ya Bibi Mallard katika mafundisho yao, wakiwa pamoja. Tukifika pale dirishani tunanyamaza, kisha tunamwuliza bwana harusi: unadhani huyu mume alikuwa amekosa nini? Wengi hujibu kwamba hakukosa chochote. Hapo tunamgeukia bibi harusi. Mara nyingi hatamki neno, ila hutazama chini akitabasamu, na mazungumzo ya kweli huanza wakiwa njiani kurudi nyumbani, sisi tukiwa hatupo. Kijana mmoja alirudi Jumapili iliyofuata kutwambia kwamba wamekubaliana shamba waandikishe majina mawili.

Wapendwa, muda umekwenda na akina mama wa jikoni wanatuchungulia. Tunamalizia na tangazo. Katika kigango kimoja cha parokia yetu kuna tanga linaanuliwa Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Mjane ameomba watu watatu wa kukaa. Majina mawili tumekwisha yapata, mama mmoja wa WAWATA na mzee mmoja wa jumuiya. La tatu ni letu. Kama kuna mkutano wowote uliopangwa hapa mjini siku hiyo, tunaomba radhi mapema, hatutakuwepo.